Homa ya Ini C: Inakaa Kimya Miaka na Miaka, Lakini Inapona

Ukiskia homa ya ini, unafikiria macho ya manjano, sindio? Shida ni kwamba hii ya C mara nyingi haionyeshi kitu. Inaweza kukaa kwa mwili miaka 20 ama 30 ikikula ini polepole, na wewe uko tu mtaani ukijua uko fiti. Ikija kujulikana, ini lishajaa makovu ama ni kansa. WHO inasema mwaka wa 2022 watu kama milioni 50 duniani walikuwa nayo, na karibu 242,000 wakaaga.

Inapitia damu. Hapa Kenya imeshika sana wasee wa kujidunga wanaoshare sindano, haswa Pwani. Tatuu ya sindano chafu pia ni hatari. Kula sahani moja na msee? Hiyo haina noma.

Lakini usidhani ni ya wanaojidunga pekee. Cheki Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980 hivi, serikali ilidunga watu dawa ya kichocho, na sindano zilikuwa zinarudiwa. Walienda kutibiwa kichocho wakatoka na kirusi kingine, na nchi ikawa kati ya zile zilizoumia zaidi duniani. Mwaka wa 2018 Misri ikaanza kupima mamilioni ya watu na kuwatibu bure. Oktoba 2023 WHO ikaipea kiwango cha dhahabu, nchi ya kwanza kufika hapo.

Dawa ni vidonge, kawaida wiki 12, na zinaponya zaidi ya watu 95 kwa kila 100. Zilipotoka Marekani 2013, kidonge kimoja kilikuwa dola 1,000. Wizi wa mchana, ukiniuliza. Siku hizi kuna za bei ya chini sana.

Kama unasomea KMTC, shika hii: kipimo cha kwanza kinaonyesha kingamwili tu. Kuna watu mwili umefukuza kirusi wenyewe, na bado kipimo kitasema iko. Lazima ufuatilie na kile cha kutafuta kirusi chenyewe kabla umpatie mtu stress. Na kabla ya vidonge, mpime homa ya ini B, juu hizi dawa zinaweza kuiamsha.

Chanjo ya C haiko, ya B iko. Na ukipona C, unaweza kuishika tena.