Sauti na Kusikia

Sauti ni mtetemo unaopita katika hewa, maji, ardhi, mwamba au chuma. Mpigaji wa ngoma za Kisukuma anapoanza kazi, ngozi ya ng'ombe iliyowambwa kwenye ngoma hutetemeka. Ukiigusa kwa kiganja utauhisi mtetemo huo mkononi. Ngozi husukuma hewa iliyo jirani, nayo husukuma iliyo mbele yake. Ni kama watoto waliobanana kwenye foleni ya maji: wa mwisho akisukuma, msukumo hufika hadi kwa aliye bombani, ingawa hakuna aliyehama nafasi yake.

Ngozi ya ngoma kubwa hutetema polepole, ikatoa sauti nzito. Ya ngoma ndogo iliyokazwa hutetema haraka, ikatoa sauti nyembamba. Ndiyo maana ngoma huoteshwa moto kabla ya kupigwa: joto hukausha ngozi ikakaza. Idadi ya mitetemo kwa sekunde huitwa masafa, na kipimo chake ni hezi. Sikio la mtoto mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi.

Mwendo wa sauti hutegemea inapopita. Katika hewa ya nyuzi joto 20 husafiri mita 343 kwa sekunde, katika maji karibu mita 1,480, na katika mwamba mgumu inaweza kufika mita 5,000. Watoto wa Geita wanaoishi jirani na mgodi wa wazi wanaweza kulishuhudia hili wenyewe. Baruti inapolipuliwa kilomita 2 kutoka nyumbani, mtetemo wa ardhini hufika mapema, pengine ndani ya nusu sekunde: sakafu inatikisika, vyombo vinagongana kabatini. Mshindo wa hewani hufika baada ya sekunde 6 hivi. Anayedhani amesikia milipuko miwili amesikia mmoja tu, uliomjia kwa njia mbili.

Usiku sauti hufika mbali zaidi. Jua likishazama kwenye mbuga za Shinyanga, ardhi hupoa upesi na kuipoza hewa iliyo karibu nayo, huku ya juu ikibaki na joto. Sauti iliyokuwa ikipanda hupindishwa ikarudi chini, na ngoma za kijiji ambacho mchana hakisikiki zikasikika vizuri.

Sauti inaweza kuokoa maisha. Mwezi Oktoba 2015 wachimbaji wadogo sita walifukiwa katika mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama. Mmoja alifariki. Watano waliishi chini ya ardhi kwa siku 41, wakila mizizi, vyura na mende, mpaka wachimbaji wenzao waliposikia sauti zao za kuomba msaada. Mtu akipiga kelele shimoni, sehemu kubwa ya sauti yake hugonga ukuta na kurudi, kwa kuwa mtetemo wa hewa huingia mwambani kwa shida sana. Sauti ya mdomo huhitaji upenyo wa hewa. Ukigonga mwamba wenyewe kwa jiwe au nyundo, mtetemo huanzia ndani yake, na huweza kupita hata pale ambapo hewa imezibwa.

Sauti ikifika sikioni hupita kwenye tundu na kutikisa ngoma ya sikio, utando mwembamba sana. Nyuma yake kuna mifupa mitatu, nyundo, fuawe na kikuku, inayopeleka mtetemo ndani. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, chenye urefu wa milimita 3 hivi. Hapo mtetemo huingia kwenye kijifereji kilichojizungusha kama konokono na kujaa majimaji. Ndani yake seli zenye vinyweleo hugeuza mtetemo kuwa ishara za umeme, nazo hupelekwa na neva mpaka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaotambua kwamba huyu ni mama anaita.

Seli hizo zikifa hazioti tena kwa binadamu, na kelele kubwa huziua kidogo kidogo. Katika machimbo, karasha za kusagia mawe hunguruma kutwa nzima, mara nyingine hatua chache tu kutoka kwenye nyumba za watu. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kwa watu wazima wanaofanya kazi. Mtoto hapaswi kuwa kwenye karasha kabisa. Kipimo kisichohitaji chombo ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele hiyo tayari ni hatari. Kusogea mbali husaidia. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili kelele hupungua kwa desibeli 6 hivi, kwa hiyo anayetoka mita 5 kutoka kwenye mtambo na kwenda mita 20 amejipunguzia desibeli 12.