Safari ya Ziwa Nyasa: Ule jioni mapema au usubiri usiku?

MSAFIRI anayeshuka kutoka Tukuyu kwenda kupanda meli katika bandari ya Itungi, wilayani Kyela, huwa na mengi ya kufikiria: tiketi, mizigo, mahali pa kulala na hali ya ziwa. Saa ya kula chakula cha jioni hukumbukwa mwisho, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama atalala au atakesha akiwa ameinama kwenye ukingo wa meli.

Suala hilo si dogo kama linavyoonekana. Kwa miaka mingi meli ya MV Songea, iliyokuwa chini ya Kampuni ya Huduma za Meli (MSCL), iliondoka Itungi mchana na kufika Mbamba Bay, mkoani Ruvuma, siku ya pili yake, baada ya kupita Lupingu, Manda, Lundu na Liuli. Safari hiyo ilichukua kati ya saa 18 na 24, hali ya ziwa ikiruhusu. Baadaye ilikuja MV Mbeya II, iliyojengwa na kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, ambayo ilianza kazi mwaka 2021.

Kwa ratiba ya namna hiyo, giza huwakuta abiria wakiwa katikati ya safari, chini ya Milima ya Livingstone, ambako milima huinuka wima kutoka majini na hakuna mgahawa wala genge la kukimbilia. Anayekosea hesabu ya mlo wake hana pa kurekebisha mpaka asubuhi.

Katika meli kubwa za kitalii duniani, uamuzi huu hufanywa siku ya kukata tiketi. Ukumbi wa chakula haukai abiria wote kwa wakati mmoja, hivyo hugawanywa katika zamu mbili. Zamu ya kwanza huketi karibu saa 12 jioni na ya pili huketi kati ya saa 2 na saa 2:30 usiku. Abiria hupewa meza moja, majirani walewale na wahudumu walewale kwa safari nzima.

Wenye watoto wadogo, wazee na wale wanaotaka kuamka alfajiri kwa ajili ya matembezi bandarini huchagua zamu ya kwanza. Wanaopenda kuoga bila haraka, kutazama jua likizama na kuongea mezani hadi usiku huchagua ya pili. Kasoro ya zamu ya kwanza inafahamika: wahudumu hawana budi kuondoa sahani upesi, kwa sababu wenzao wa zamu ya pili wanasubiri mlangoni. Kasoro ya zamu ya pili ni kwamba mtu hupanda kitandani tumbo likiwa bado limejaa.

Si kampuni zote zinazofuata utaratibu huo. Kampuni ya Norwegian Cruise Line iliachana na zamu za lazima mwaka 2000 na kuruhusu abiria kula saa wanayotaka, na kampuni nyingine zikaiga, nyingi zikibakiza mifumo yote miwili. Wakazi wa Dar es Salaam waliona moja ya meli za kampuni hiyo, Norwegian Dawn, ilipotia nanga jijini humo mwanzoni mwa mwaka 2024 ikiwa na watalii zaidi ya 2,000.

Ziwa Nyasa halina anasa hizo, lakini tatizo la msingi ni lilelile: viti vichache, jiko dogo, abiria wengi. Meli ndogo haina meza za kuwatosha wote, kwa hiyo hata pasipo zamu iliyotangazwa, zamu hujitokeza zenyewe. Wako wanaosogea mara tu harufu ya wali inapoanza kutoka jikoni, na wako wanaongoja foleni ipungue.

Tofauti iliyopo na meli za kitalii ni kwamba huku zamu ya pili haina uhakika. Jiko la meli ndogo hupika kwa kukadiria. Samaki au nyama inapokwisha, anayechelewa hupewa kilichobaki, na usiku ukiwa umekwenda sana huenda kikabaki chai peke yake. Kwa sababu hiyo, abiria asiye na akiba ya chakula kwenye mfuko wake hana sababu nzuri ya kuchelewa.

Ipo sababu nyingine, nzito zaidi, nayo ni ziwa lenyewe.

Ziwa Nyasa ni refu na jembamba, limelala kaskazini hadi kusini, na upepo wa kusini mashariki hulipiga kwa urefu wake wote. Mabaharia wa ziwa hilo huuita mwera. Huvuma kwa nguvu zaidi katika miezi ya kiangazi cha baridi, kuanzia Mei hadi Agosti, na mawimbi yanayofika upande wa Kyela na Matema yamekwisha kusafiri mamia ya kilomita bila kuzuiwa na kitu. Ni katika msimu huo, Julai 1946, meli ya Vipya ilipinduka upande ambao sasa ni Malawi na watu 145 wakafa. Meli za leo ni tofauti na Vipya, lakini mwera ni uleule.

Kwa msafiri wa kawaida hatari iliyo karibu zaidi ni kichefuchefu. Kinatokana na mgongano wa taarifa zinazofika kwenye ubongo: sikio la ndani linasema mwili unayumba, wakati macho yanayotazama sahani na ukuta wa chumba yanasema umetulia. Chumba cha kulia, chenye joto, mvuke wa mafuta na madirisha madogo, ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kwa mtu aliyeanza kujisikia vibaya.

Wengi hudhani dawa ya hali hiyo ni kutokula kabisa. Hilo ni kosa. Tumbo tupu huchafuka haraka sawa na tumbo lililojaa kupita kiasi, na mtu anayetapika bila kuwa na kitu tumboni huteseka zaidi. Kinachofaa ni mlo mwepesi, usio na mafuta mengi, uliwe mapema kiasi cha kuacha saa mbili hivi kabla ya kujilaza. Wali kidogo na samaki wa kuchemsha, ndizi, mkate mkavu au viazi vinatosha. Chipsi, nyama ya kukaanga na bia ndivyo vinavyoongoza kwa kuwapeleka abiria ukingoni. Tangawizi, iwe kwenye chai au ya kutafuna, huwasaidia baadhi ya watu.

Dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari zinapatikana katika maduka ya dawa, lakini lazima zimezwe kabla ya kutapika kuanza, kwa kawaida saa moja au zaidi kabla ya safari. Nyingi kati yake huleta usingizi na hazipatani na pombe. Anayengoja mpaka aanze kutapika ndipo ameze kidonge atakitoa pamoja na chakula.

Kwa watu wa Tukuyu kuna jambo moja la ziada. Mji wao uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, penye mvua nyingi na baridi, wakati ziwa liko karibu mita 475 tu. Kwa saa chache za basi msafiri amevuka kutoka nchi ya sweta hadi nchi ya jasho. Kupanda meli moja kwa moja ukiwa umechoka, una kiu na umekula vitafunwa vya njiani ni kujitafutia usiku mgumu. Maji ya kunywa yaanze kabla ya chakula, na yasiwe ya ziwani.

Lipo kundi ambalo kwake saa ya mlo si suala la starehe. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anapaswa kuulizia mapema jiko linatoa chakula saa ngapi, na kama sindano yake ni ile ya kuchomwa kabla ya kula, asijichome kwa kuamini ahadi. Asubiri sahani iwe mbele yake. Jiko likichelewa kwa saa moja baada ya sindano, sukari inaweza kushuka hadi mtu akazirai, na usiku wa ziwani hospitali iko mbali. Biskuti, sukari au juisi viwe mfukoni, si ndani ya begi lililofungiwa pamoja na mizigo. Wenye vidonda vya tumbo nao wasikubali kukaa na njaa hadi usiku wa manane.

Kwa Waislamu katika mwezi wa Ramadhani, zamu ya mapema haifai ikitangulia magharibi. Katika ziwa hilo jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni katikati ya mwaka, na karibu saa 1 usiku mwezi Desemba. Aliyefunga azungumze na wapishi wakati wa kupanda, amwekewe chakula chake, na ajinunulie cha daku kabla jiko halijafungwa.

Wapo wanaodhani kwamba swali la nani akae mezani na nani, na kwa wakati gani, lililetwa na Wazungu pamoja na meli zao. Katika nchi ya Wanyakyusa halikuhitaji kuletwa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake kuhusu vijiji vya rika mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana walivyohama nyumba za wazazi wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, wakajenga vibanda vyao pembeni na kulala huko. Chakula waliendelea kupikiwa na mama zao, ila hawakula mmoja mmoja. Kundi zima la rika lilizunguka kutoka kwa mama mmoja hadi kwa mwingine. Kula na wenzako wa rika kulihesabiwa kuwa sehemu ya malezi.

Mwiko mkubwa zaidi ulikuwa kati ya mke na baba mkwe wake. Mwanamke hakupaswa kukutana na baba mkwe uso kwa uso wala kulitaja jina lake, sembuse kuketi naye kwenye meza moja. Familia inayoshika mila hiyo ikijikuta ndani ya chumba cha kulia chenye meza sita, zamu mbili ni msaada mkubwa: mzee anakula mapema na kwenda kulala, mkwe anakula baadaye na watoto.

Eneo la Kyela lenyewe lilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe katika enzi za Waingereza, na meli ni jambo la zamani katika historia ya huko. Wajerumani walikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, iliyoshushwa ziwani katika miaka ya 1890. Agosti 1914 ilishambuliwa na meli ya Waingereza, Gwendolen, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa marafiki waliozoea kunywa pamoja, na Mjerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza.

Turudi jikoni. Abiria wazoefu hawaitegemei meli peke yake. Kutoka Tukuyu hubeba ndizi za kupika zilizokwisha kuiva jikoni nyumbani, mahindi ya kuchemsha na maparachichi, ambayo Rungwe inayo tele. Kyela huongeza wali wa mchele wake wenye harufu nzuri na samaki, mbasa akipatikana. Chakula chenye nazi au maziwa kisibebwe kwa ajili ya usiku. Joto la ziwani hukichachusha kabla ya jua kuzama, na kuharisha ndani ya meli yenye vyoo vichache ni balaa kuliko mawimbi.

Mwenye chakula chake ana uhuru ambao mnunuzi hana. Anaweza kula kidogo saa 11 jioni, meli ikiwa bado imetulia, kisha kuongeza usiku kama ziwa ni shwari. Njia hiyo ya kugawa mlo mara mbili ndiyo inayowafaa zaidi watoto, ambao hutapika haraka na kupata njaa haraka.

Kwa asiye na chakula chake, hesabu ni hii. Kuanzia Mei hadi Agosti, au wakati wowote upepo unapoonekana kuamka, ale katika kundi la kwanza, ale kidogo, kisha atoke nje kwenye hewa na kutazama upeo wa macho kabla giza halijaingia. Ziwa likiwa shwari, na ikiwa amemwomba mpishi amhifadhie sahani, kuchelewa kuna raha yake: chumba kimepungua watu, hakuna anayesimama nyuma ya kiti kukuhimiza, na jua limekwisha kuonekana likizama nyuma ya milima ya Malawi. Sahani hiyo ilipiwe mapema. Iliyoombwa kwa mdomo tu huuzwa.

Asisahau pia kuuliza vituo. Meli inaposimama usiku mahali pasipo gati, abiria hushuka na kupanda kwa mitumbwi, na kwa muda huo vijia hujaa mizigo, kuku na watu wanaotafutana. Aliyeacha nafasi yake ya kulala ili akale wakati huo huikuta ina mwenyewe mwingine. Anayeteremka Lupingu au Manda ale mapema bila kujali hali ya ziwa, kwani kushuka ngazi ya kamba gizani ukiwa na mtoto mgongoni hakuendi pamoja na sahani iliyoachwa nusu.