Maagizo ya Lavigerie na daktari wa Karema

Karema iko mkoani Katavi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini-magharibi mwa mji wa Mpanda. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Mapadre Weupe. Mapadre hao walikuwa na maagizo ya mwanzilishi wao, Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers aliyewahi kufundisha historia ya Kanisa katika chuo cha Sorbonne, Paris.

Barua na maagizo hayo, yaliyokuja kukusanywa kuwa kitabu, ni sera ya elimu iliyo kamili. Mmisionari ajifunze lugha ya wenyeji upesi, na ikishapita miezi sita mapadre wazungumze lugha hiyo hata wao kwa wao. Waandike kamusi. Vijana wa Kiafrika wanaosomeshwa wabaki na chakula, mavazi na lugha yao, kwa sababu aliyegeuzwa Mzungu hatasikilizwa tena na watu wake. Haya aliyaandika kabla ya mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika, na kwa wakati ule yalikuwa mawazo ya kijasiri.

Lavigerie alitaka pia Waafrika wasomeshwe udaktari, kazi itakayowapa heshima popote waendapo. Mwaka 1881 akaanza kupeleka vijana Malta. Mmoja wao alikuwa Adriano Atiman, mzaliwa wa kandokando ya mto Niger, aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, kisha akakombolewa na mapadre huko Algeria. Alihitimu, akaja na msafara kutoka pwani, akaingia Karema mwaka 1889.

Hakuondoka tena. Alimwoa Agnes, binti wa kabila la Wabende, akatibu watu wa mwambao ule hadi alipofariki mwaka 1956: miaka 67 kituo kimoja! Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakashika nchi, naye bado anapokea wagonjwa. Mwanawe Joseph akawa padre.

Lakini hapo ndipo maagizo yanapoonyesha ufa. Atiman hakurudishwa kwao kando ya mto Niger. Kijana aliyepaswa kuwahudumia watu wake alipelekwa kwa watu wengine, akaanza upya lugha na desturi, na ni juhudi yake mwenyewe iliyomfanya mwenyeji wa Karema. Simulizi ya maisha yake ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Natamani vijana wa Katavi waisome kwa Kiswahili, ikiwa imechapwa pamoja na maagizo ya Lavigerie, na ya Atiman itangulie.