Nabii na Mtunzi: Kinjeketile katika Tamthilia, Masufii katika Riwaya

Suala la uhuru wa mtunzi mbele ya historia huwa gumu zaidi pale mhusika anapokuwa mtu aliyeaminiwa kuwa alipokea maneno kutoka ulimwengu usioonekana. Nyaraka huweza kuonyesha alikofia. Haziwezi kuthibitisha alichokiona. Pengo hilo ndilo hujazwa na mtunzi.

Waandishi wa Kiarabu na Kituruki wamelijaza kwa njia mbalimbali. Katika Mawt Saghir (2016), Mohammed Hasan Alwan wa Saudi Arabia anamwacha sufii Ibn Arabi (1165–1240) asimulie maisha yake mwenyewe. Elif Shafak, katika Aşk (2009), anakiweka kisa cha Shams wa Tabriz, sahibu wa Rumi aliyetoweka Konya katika karne ya 13, sambamba na cha mama wa nyumbani wa Marekani ya leo. Hapa walii hujibu haja za msomaji wa sasa kuliko za zama zake.

Ibn Arabi aliacha vitabu vingi; Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe, hakuacha hata ukurasa. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya Vita vya Maji Maji kuanza. Katika Kinjeketile (1969), hata hivyo, Ebrahim Hussein anamwacha hai hata baada ya shambulio la Mahenge, ambalo kihistoria lilitokea tarehe 30 Agosti. Uhai huo wa ziada ndio msingi wa tanzia yake: nabii anashuhudia maangamizi ya walioyaamini maji, naye mwenyewe ana shaka, lakini anakataa kuyakana, kwa kuwa kuyakana ni kuwanyang'anya wajukuu neno la umoja. Na katika utangulizi Hussein anatahadharisha kwamba mhusika wake si yule wa historia.

Tahadhari hiyo ina uzito pia Bungoma, kuanzia Kimilili hadi Bokoli. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alifungiwa na serikali ya kikoloni katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945, na dini yake ikapigwa marufuku mwaka 1948. Wafuasi wake walimwita nabii. Alifariki mwaka 1987, na wapo wanaomkumbuka. Mtunzi atakayemchora akifuata nyaraka pekee atakuwa ameandika hukumu ya daktari wa mkoloni. Akifuata wafuasi pekee, ataandika sifa. Hussein aliiacha shaka ikae ndani ya nabii mwenyewe.