Mkuki kwa Nguruwe: Montreal 1976, Moscow 1980

Julai 1976 zaidi ya nchi 20 za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zilisusia Olimpiki ya Montreal, na nchi za Magharibi zikalalamika kwamba Waafrika wanachanganya michezo na siasa. Madai ya Afrika yalikuwa wazi: timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini, siku chache baada ya polisi kuwamiminia risasi wanafunzi wa Soweto tarehe 16 Juni, kwa hiyo New Zealand izuiwe kushiriki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilijibu kuwa raga si mchezo wa Olimpiki. Kikanuni ilikuwa na haki. Lakini kamati hiyohiyo ilikwisha kuifukuza Afrika Kusini mwaka 1970 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, basi haikuweza tena kudai kwamba siasa haziihusu.

Waliolipa gharama ni wanariadha, na hapo ndipo wakosoaji wana hoja ya kweli. Filbert Bayi wa Tanzania alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza toka mwanzo hadi mwisho huku John Walker wa New Zealand akimfukuzia. Montreal hakukimbia, Walker akatwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi wa mwaka 1972, naye alikosa kutetea taji lake, tena kwa amri ya serikali ya Idi Amin, ambayo yenyewe ilikuwa na damu mikononi. Hata hivyo, uovu wa Amin hauwasafishi Makaburu, wala mgomo haukuwa wa bure: mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana, katika Mapatano ya Gleneagles, kutouunga mkono uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini.

Haikupita miaka minne, Marekani ikaongoza mgomo wa Olimpiki ya Moscow kupinga uvamizi wa Wasovieti nchini Afghanistan. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali kuishawishi Afrika. Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakumpokea. Kenya iliungana na Marekani, Tanzania ikaenda, na Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Atakayesema Tanzania nayo ilichagua dhambi ya kulaani hajakosea kabisa. Ila haikuwahi kuhubiri kwamba michezo haina siasa. Waliohubiri hivyo mwaka 1976 ndio walioitupa hoja hiyo mara maslahi yao yalipoguswa. Mgomo wa Afrika unastahili kupimwa kwa sababu zake na matokeo yake, si kwa kanuni ambayo waliotoa lawama wenyewe hawakuifuata.