Itorero, Judo na Malezi ya Tabia

Katika mitaa ya Rwezamenyo na Nyamirambo, jijini Kigali, Kiswahili kilizoeleka tangu zama za ukoloni, miaka mingi kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Mwalimu wa huko atakaye kufundisha judo au karate katika somo la michezo hana budi kujiuliza kwanza: mchezo wa kupigana wajenga tabia, au wafuga ugomvi? Twaona kwamba jibu limo katika historia ya nchi yake.

Zama za wafalme wa Rwanda, vijana walilelewa katika chuo kilichoitwa itorero, nao wakaitwa intore, yaani wateule. Walifunzwa mkuki, upinde na ngao, na kucheza ngoma za vita. Pamoja na hayo walifunzwa ufasaha wa kusema, kutunga majigambo, adabu na kujizuia. Mkono haukufunzwa peke yake. Chini ya Wabelgiji chuo hicho kilififia, ikabaki sifa ya ngoma. Serikali ilikihuisha kwa sura mpya mwaka 2007.

Fikra kama hiyo twaikuta Japani. Jigoro Kano, aliyekuwa mwalimu, alianzisha judo mwaka 1882 ili ijenge mwili na tabia pamoja. Mwaka 1911 ikaingia katika masomo ya sekondari. Lakini katika miaka ya 1930 watawala waliigeuza kuwa matayarisho ya vita. Baada ya kushindwa mwaka 1945 ikapigwa marufuku shuleni, isirudi hadi 1950.

Rwanda imepata msiba mkubwa zaidi. Vijana wa Interahamwe nao walifunzwa silaha na utii. Mwaka 1994 wakatumiwa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Hivyo, walimu wenzetu, tusidhani kwamba mazoezi na amri vyatosha. Utii si tabia njema mpaka uongozwe na utu. Katika judo, aliyebanwa akigonga mkeka, mwenziwe humwachilia papo hapo. Hapo ndipo lilipo somo, nasi tulieleze kwa maneno, tusiliache mkekani. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nasi twaongeza kwamba mkunjaji sharti ajue aendako.