Mali ya Nani? Umiliki na Shuruti katika Ushirika wa Kahawa Kilimanjaro, 1925–1994

Ushirika hutofautiana na kampuni ya kawaida kwa jambo moja la msingi: mwenye mali ndiye anayeitegemea katika kazi yake. Katika ushirika wa wafanyakazi, kama ule ulioanza mwaka 1956 huko Mondragón, Hispania, mmiliki ni yule afanyaye kazi kiwandani. Katika ushirika wa mazao, mmiliki ni mkulima anayeuza zao lake. Katika aina zote mbili kura humfuata mtu, wala haifuati wingi wa hisa. Hata hivyo, historia ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro (KNCU) inaonesha kwamba hisa na kura pekee havitoshi. Insha hii inajenga hoja kuwa umiliki wa wanachama ulidhoofika kila dola ilipowanyima uhuru wa kuamua wauze wapi na kwa nani.

Chimbuko la KNCU ni Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro (KNPA), kilichoanzishwa mwaka 1925 chini ya uongozi wa Joseph Merinyo. Wakati huo walowezi wa Kizungu walitaka Wachaga wazuiwe kulima kahawa aina ya arabika. Chama hicho kilitetea haki ya mkulima mdogo kupanda mibuni katika kihamba chake, pamoja na migomba, na kilimsaidia kupambana na wadudu na kutafuta soko. Kilikuwa, kwa hiyo, chombo cha biashara na cha kudai haki kwa wakati mmoja.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ulishusha bei ya kahawa na kukitia chama katika matatizo ya fedha. Serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Vyama vya Ushirika mwaka 1932, na KNCU ikachukua nafasi ya KNPA mwaka 1933. Muundo wake ulikuwa wa ngazi mbili. Wakulima walijiunga katika vyama vya msingi, wakachagua kamati na kukusanya kahawa yao. Vyama vya msingi navyo vilimiliki chama kikuu kilichotafuta soko. Mkulima alipokea malipo ya awali alipokabidhi kahawa, kisha nyongeza baada ya mauzo, gharama zikiwa zimekatwa. Nyongeza hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha umiliki: mkulima aliyeiona ndogo alikuwa na haki ya kuuliza makato yalikwenda wapi. Lakini shughuli za kila siku zilikuwa mikononi mwa meneja wa Kizungu, A. L. B. Bennett, na uangalizi wa juu ulikuwa wa serikali.

Mwaka 1934 kanuni iliyotolewa kwa mamlaka ya wamangi iliwalazimisha wakulima wa Kichaga kuuza kahawa yao kupitia KNCU. Hoja ya kiuchumi haikuwa dhaifu. Chama kilihitaji uhakika wa mzigo ili kipate mikopo, na mkulima aliyeuza pembeni aliwaachia wenzake gharama za maghala na usafirishaji. Lakini kanuni hiyo ilibadili maana ya uanachama. Aliyeona bei ni ndogo hakuweza tena kuupeleka mzigo wake kwingine. Kuukataa uamuzi wa chama kukawa kosa mbele ya sheria. Bei iliposhuka tena, mwaka 1937, hasira ililipuka: baadhi ya wakulima walishambulia maghala ya vyama vya msingi. Walishambulia mali ambayo kwenye vitabu ilikuwa yao wenyewe. Tukio hilo haliwezi kuelezwa kwa bei pekee. Linaonesha kuwa wengi waliuona ushirika kuwa mkono mwingine wa utawala.

Bei nzuri za miaka ya 1950 zilituliza mgogoro huo, na KNCU ikawa miongoni mwa vyama vilivyosifiwa zaidi barani Afrika. Mafanikio hayo hayakuondoa swali la mamlaka. Baada ya uhuru, dola iliendelea kuuona ushirika kama chombo cha mipango yake. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, na ununuzi wa kahawa ukawekwa chini ya mamlaka ya zao hilo. Chama kilichokuwa mali ya wakulima kiliondolewa bila wao kupiga kura.

Sheria ya mwaka 1982 ilirejesha vyama vikuu, na ile ya mwaka 1991 ikasisitiza uanachama wa hiari. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa katikati ya miaka ya 1990, mkulima alipata tena uhuru wa kuuza kwingine, nayo KNCU ikalazimika kuitafuta kahawa iliyokuwa imezoea kuletewa. Ushindani huo uliipunguzia sehemu ya soko, lakini uliirudishia mwanachama sauti. Kwa muhtasari, shuruti ilikipa chama mzigo bila kukipa imani ya wenye mzigo. Mapato ya mauzo pekee hayatoshi kuupima uhai wa ushirika. Lazima pia kuchunguza kama mwanachama mwenye uwezo wa kuondoka bado anaona sababu ya kubaki.